Ndama Walioliwa na Fisi

Susuni, Tarime
Jumapili, mwezi wa kumi na moja

Dada yangu mpendwa Atupele,

Shikamoo. Mugonile? Hapa hakuna mtu wa kuniitikia salamu hiyo ya kwetu, kwa hiyo naiandika niisikie mwenyewe. Habari za Tukuyu? Magoti ya Baba yanaendeleaje na baridi hiyo? Na yule ng'ombe wenu mweusi, ameacha kupiga teke ndoo, au bado shemeji anakamua huku anasali? Mimi mwili mzima. Kwa simu huwa nakujibu hivyo tu, "mzima", nawe unasema "Mungu mwema", tunaongea habari za mvua, vocha inakwisha. Ndiyo maana safari hii nimechukua kalamu. Kuna mwalimu wa shule ya hapa ni mtu wa Busokelo, anakuja likizo, atakuletea barua hii mkononi. Usimpe chai ya juu juu, mpikie.

Dada, nina upweke. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi nikaikata, sasa naiacha. Wafugaji hawaniiti tena kutibu ng'ombe kwenye mazizi yao. Mama mwenye nyumba wangu, ambaye tulikuwa tunanawa bakuli moja na kula sahani moja, siku hizi ananiwekea ugali mlangoni, anagonga mara moja, anaondoka. Nakula nikiangalia ukuta. Acha nikueleze ilivyokuwa, na usinikatize kama kawaida yako.

Nilipohamishwa huku kutoka Robanda, kule pembeni ya hifadhi ambako tembo walikuwa wanavuna mahindi kabla ya mwenyewe, nilipata chumba uani kwa mjane mmoja, Bibi Nyangi. Mrefu, mkavu, na sauti yake ukiisikia mara ya kwanza utadhani anakufukuza kumbe anakukaribisha. Hakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki alimwachia ng'ombe na jina, na jina likawa halina wa kulibeba. Sasa sikiliza mila ya Wakurya, na usicheke kwanza. Mwanamke wa namna hiyo anaoa. Ndiyo, anaoa! Anatoa ng'ombe wa mahari kama mwanamume yeyote, anamleta msichana nyumbani, na watoto atakaozaa msichana huyo wanaitwa kwa jina la marehemu, ni wa nyumba hiyo kabisa. Wanaiita nyumba ntobhu. Baba mzazi wa mtoto ni nani, hilo haliulizwi. Mimi niliuliza, nikaambiwa nikaoge.

Msichana aliyeolewa na Bibi Nyangi anaitwa Ghati. Dada, ungempenda. Alikuwa anaingia chumbani kwangu bila hodi, anajitupa kitandani, anauliza kwa nini sisi watu wa Tukuyu tunapika ndizi laini kama hatuna meno. Alinifundisha Kikurya cha kutukania mbuzi. Jioni tulikaa wote watatu jikoni, Bibi Nyangi akitikisa kibuyu cha maziwa, sisi tukimcheka mtu yeyote aliyepita barabarani siku ile. Sikuwa na rafiki mwingine Susuni, na sikuona nimepungukiwa.

Ghati akashika mimba. Bibi Nyangi alianza kuimba akifagia zizi. Mama huyo na kuimba! Hata kuku walishangaa.

Halafu ndama wakaanza kuzaliwa vibaya.

Wa kwanza alikuja asubuhi. Ng'ombe alikuwa anasukuma tangu kulipopambazuka, hakuna kinachotoka. Nikavua koti, nikapaka sabuni mkono, nikaingiza. Unajua nimezalisha ng'ombe tangu nikiwa shule ya msingi. Mkono ukiingia unatafuta kwato, unatafuta pua, unajua hiki ni hiki. Safari hii mkono haukuelewa kitu. Miguu ilikuwa imejikunja na haikunjuki, viungo vimekaza kama kuni, shingo imegeukia mgongoni. Ghati na tumbo lake alikuwa ameshika kamba upande wa pili. Tulivuta mpaka ng'ombe akalala chini, akatoka ndama aliyekufa, amefungamana mwenyewe kama aliyeganda akiwa amelala.

Bibi Nyangi alimtazama mara moja tu. "Mfukieni."

"Bibi, subiri nichukue damu yake. Hajanyonya, hiyo ndiyo damu ninayo..."

"Nimesema afukiwe. Kabla watu hawajapita kwenda mtoni."

Tukamfukia nyuma ya migomba. Nilikasirika, dada, nikaongea peke yangu siku nzima. Ngoja nikuambie kwa nini niliitaka damu ile. Ndama wa ng'ombe akizaliwa hana kinga, anaipata kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano. Kwa hiyo ukichukua damu ya ndama ambaye hajagusa chuchu, ukakuta ndani yake kinga dhidi ya virusi fulani, huna haja ya kuuliza mengi. Virusi hivyo alikutana navyo tumboni, akapigana navyo huko huko. Maabara wangenijibu. Lakini damu iko chini ya migomba, nitawapelekea nini?

Wa pili alizaliwa hai, na huyo ndiye aliyetuponza. Alikuwa mzuri, manyoya yanang'aa, miguu imenyooka. Bibi Nyangi akashukuru Mungu kwa sauti. Kisha tukaona hajui chuchu iko wapi. Hajui hata kutafuta. Haoni, anazunguka, anazunguka, akigonga ukuta anasimama hapo hapo na paji la uso ukutani. Nilijua kilichomo. Chuoni tulifungua kichwa cha namna hiyo, tukakuta maji mahali ubongo ulipotakiwa kuwa. Ghati alimnywesha kwa chupa, akimwita majina ya kubembeleza, na majirani wakaja kuchungulia wakamwona anavyozunguka. Alipokufa, habari ilikuwa imeshafika mpaka Sirari.

Ndipo akaja Mzee Marwa. Huyo ni mdogo wa marehemu, boma lake liko ng'ambo ya shamba letu la mihogo. Alikaa, akapewa maziwa, hakuyagusa. Kwa Wakurya hilo peke yake ni hotuba.

"Shemeji," alimwambia Bibi Nyangi, "nyumba hii imeingiza kitu." Akageuza macho kwenye tumbo la Ghati. "Kama ng'ombe wanazaa vile, huyu atazaa nini?"

Alitaka Ghati arudishwe kwa baba yake kabla hajajifungua, na ng'ombe wa mahari wadaiwe. Na ujue, dada, ng'ombe wale baba yake Ghati alishamwozea mwanawe wa kiume. Hawapo. Msichana angerudi na mimba, na mkosi juu, kwenye nyumba ambayo ingemwona ni deni limekuja kukaa. Nani angempokea? Na Bibi Nyangi angebaki na jina lake lisilo na mtu. Marwa akasema analipeleka kwenye ritongo, baraza la wazee wa mila, na wakishasema wao hapa hakuna rufaa.

Jioni ile jikoni hakuna aliyecheka. Niliwaeleza. Nilisema, mnakumbuka mvua zile kubwa, bonde likajaa maji, na visubi wakawa wengi mpaka ng'ombe wanakataa kulala? Kisubi mdogo yule, usiyemwona hata akikaa mkononi, anafyonza ng'ombe mmoja, anahamia mwingine, anabeba virusi. Ng'ombe mwenyewe haumwi. Anakula, anatembea, anakamuliwa. Lakini kama ana mimba changa, virusi vinapita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa ndama, wakati ubongo wake ndiyo kwanza unajengwa. Vinabomoa kinachojengwa. Ubongo ukiharibika, miguu haipati amri ya kucheza tumboni, na kiungo kisichocheza kinakakamaa. Ng'ombe anamaliza virusi damuni mwake, miezi inapita, mvua inasahaulika, halafu siku ya kuzaa mnatafuta mchawi wa juzi. Jambo lilifanyika wakati wa mvua!

Ghati alinisikiliza mkono juu ya tumbo. "Mimi pia niliumwa na visubi. Na mimba ilikuwa changa."

"Hivi ni virusi vya ng'ombe na mbuzi na kondoo. Havijulikani kuharibu mtoto wa mtu."

"Na vya watu viko?"

Ningesema hapana, dada. Lakini unanijua. Nikasema viko, ndiyo maana watoto wanachomwa sindano ya surua na rubela, maana rubela ikimpata mjamzito inaweza kumharibu mtoto, ila wewe hukuugua, basi tulia. Hakutulia. Aliacha kuja kujitupa kitandani kwangu.

Jibu la Marwa lilikuwa fupi. "Visubi? Mbona visubi hao wanamjua Nyangi peke yake?"

Na hapo alinishika. Nilizunguka Susuni yote na daftari langu la kazi, zizi kwa zizi, naamkia wazee, nauliza: kuna ndama amezaliwa na kasoro? "Kwetu hakuna, daktari." "Kwetu Mungu ametulinda." Kila mlango hakuna. Nikaanza kujitilia shaka mwenyewe. Nikasema labda mimi Bupe ndiye mjinga, labda kuna kitu kwenye malisho ya Bibi Nyangi.

Ikafika siku ya josho. Siku ya kuogesha ng'ombe kata yote inakuja, vumbi, makelele, harufu ya dawa, na mimi nasimama pale mlangoni nikiwaangalia wanavyotumbukia mmoja mmoja. Wewe ukitazama ng'ombe unaona ng'ombe. Mimi naona kiwele. Na siku hiyo nikaona viwele vimejaa, vimevimba maziwa, vya ng'ombe waliozaa karibuni, na nyuma yao hakuna ndama.

Nikamwuliza mwenye ng'ombe wa kwanza, ndama yuko wapi?

"Alichukuliwa na fisi, daktari."

Pole. Na huyu? "Fisi." Na wa kwako, mzee? "Aa, fisi wamezidi." Nikauliza nikachoka. Dada, mwaka huu fisi wa Susuni wangekuwa wamenenepa hawawezi kutembea! Na nimelala hapa miezi na miezi, sijamsikia fisi hata mmoja analia. Nilikaa juu ya ukuta wa josho nikacheka peke yangu mpaka machozi, na baadaye machozi yakawa ya kweli. Kumbe kila boma lina chake nyuma ya migomba. Ndama wa namna ile hapa hatajwi, maana ukimtaja unamwita arudi. Kila mtu amefukia kabla ya watu kwenda mtoni, na kila mtu anaamini mkosi uko kwake peke yake. Kosa pekee la Bibi Nyangi ni kwamba ndama wake wa pili aliishi akaonekana.

Ritongo lilikaa kwenye uwanja wa nyuma ya ofisi ya kata. Wanawake hawasemi pale, ila mimi ni serikali, nikapewa nafasi ya kusimama pembeni. Bibi Nyangi alikaa chini mbali, na Ghati nyuma yake amejifunika khanga mpaka kichwani. Marwa aliongea, akaongea vizuri, lazima niseme. Zamu yangu ilipofika nilisogea mbele.

Sikuwaambia habari za visubi. Nilisema, "Wazee wangu, shikamooni. Nina ombi dogo. Naandika taarifa ya wanyama waharibifu. Aliyechukuliwa ndama na fisi mwaka huu, anyooshe mkono."

Mikono ikapanda. Ikapanda mingi, kila mtu alitaka serikali ijue hasara yake. Wa Mzee Marwa nao ukapanda.

Nikasema, "Poleni sana. Sasa aliyemsikia fisi huyo akilia abaki ameinua mkono, ambaye hakumsikia ashushe."

Wakatazamana. Mkono mmoja ukashuka, mwingine, mwingine. Mtu akaguna. Mwisho akainuka mzee mmoja mnene, mfugaji mkubwa wa upande wa juu, anaitwa Chacha, akajifuta uso kwa kofia.

"Daktari," alisema, "mimi fisi wangu alikuwa na jembe."

Weee! Uwanja ulipasuka. Wazee wa mila wanashikana mabega, mmoja anakohoa anataka kuanguka, mwingine anasema na wangu pia, na wangu, walikuwa wawili, shingo hivi, miguu hivi. Walikuwa wanaonyeshana kwa mikono jinsi ndama walivyojikunja. Watu waliokaa na jambo hilo wenyewe, kila mtu na wake, walikuwa wanacheka kama waliotoka jela. Ndipo nikawaeleza visubi, na walinisikiliza.

Marwa peke yake hakucheka. Alingoja kelele zitulie. "Sawa. Ng'ombe ni visubi. Basi tumngoje mtoto. Daktari, utatuambia hapa mbele ya wazee mtoto wa yule atakuwa mzima?"

Jibu lilikuwa jepesi, dada. Nilitakiwa kusema: mzee, mtoto wa mtu hakuna anayemjua mpaka azaliwe, awe wa Ghati au wa mke wako. Lakini nilikuwa nimelewa kushinda. Nilitaka anyamaze. Nikamtazama usoni nikasema, "Atakuwa mzima. Asipokuwa mzima, msiniite daktari."

Ikakubalika hivyo. Ghati abaki mpaka ajifungue, halafu itaonekana.

Alijifungua mchana, zahanati. Nilikuwa nje kwenye benchi na Bibi Nyangi, na upande wa pili wa uzio Marwa na wenzake wanazungumza habari za mihogo. Nesi akaniita mimi kwanza. Nilipoona sura yake nikajua.

Mvulana, dada. Mkubwa, mweusi tii, analia kwa hasira, kila kitu mahali pake. Ila nyayo zote mbili zimepinda kuingia ndani, zinatazamana. Nesi akasema haraka haraka, huu ni mguu kifundo, tunawaona kila mara, anafungwa plasta ngumu kila wiki hospitali ya mjini, wanaisogeza kidogo kidogo, wengi wanatembea vizuri tu. Haina uhusiano na ng'ombe. Nami nilijua haina. Mtoto huyu alikuwa anatutazama na akili zake zote, na miguu hiyo iliyopinda alikuwa anairusha. Lakini nani pale nje angetofautisha? Miguu imepinda kule, miguu imepinda hapa.

Ghati alinishika mkono. "Mfunge. Mfunge kwenye nguo, waambie ni mzima. Ulishawaambia atakuwa mzima."

Na mimi, niliyewacheka watu wazima kwa ajili ya fisi wao, nilichukua khanga nikaanza kumviringisha. Nilimfunika miguu yote miwili, nikabana vizuri. Mikono yangu ilifanya yenyewe.

Bibi Nyangi aliingia. Hakuniuliza. Alimchukua, akamweka kitandani, akafungua khanga. Akazitazama zile nyayo muda mrefu, akazishika moja moja kwenye kiganja kama mtu anayepima uzito wa viazi. Kisha akanitazama mimi. Sijawahi kutazamwa hivyo, dada, hata na marehemu Mama siku ile ya maziwa yaliyomwagika. Akamwinua mtoto uchi vile vile, akatoka naye mpaka kwenye uzio.

"Huyu hapa," alimwambia Marwa. "Ni wa ndugu yako, na jina lake ni la ndugu yako. Miguu yake ni hii, itazame vizuri, usije ukasema umesimuliwa. Simpeleki nyuma ya migomba. Na mama yake haendi popote. Mwenye la kusema aje aseme kwangu, si kwenye ritongo."

Akasimama pale jua linawaka mpaka kila mtu alipoona akaridhika. Marwa akaondoka kabla ya wenzake.

Kwa hiyo Ghati yupo, na mtoto yupo, na kila wiki Bibi Nyangi anampeleka mjini kwa plasta, na kwenye gari anamkalisha miguu wazi, anayetaka kuangalia aangalie. Kwangu ndiyo kumekufa. Ghati hajaingia chumbani kwangu tangu siku ile. Ananisalimia, ananiambia pole na kazi, kama mtu mnayekutana ofisini. Alitaka nimfiche nami nikakubali, nadhani ndiyo maana hatuwezi kutazamana. Bibi Nyangi hasemi nami. Na wafugaji wameshika neno langu: wakipita wananiita "Bupe", tu, bila daktari. Nililisema mwenyewe, nani nimlaumu? Jana niliwasikia ng'ambo ya ukuta wote wawili wanacheka na mtoto, nikakaa kitandani na viatu, sina pa kwenda. Nilifungua dirisha nikalifunga. Hivyo ndivyo Jumapili zangu zilivyo.

Basi, mkono umechoka. Nisalimie Baba, mwambie aache kupanda mlimani na magoti hayo, kuni atanunuliwa. Msalimie shemeji na ng'ombe wake wa mateke. Nisalimie mjomba Lusajo fundi cherehani, na shangazi wa pale sokoni anayeuza parachichi, mwambie sijaolewa bado na asiulize tena. Wanao wote nawabusu, hasa yule kitinda mimba mwenye kunifanana kwa ubishi.

*

Dada, leo ni Jumanne, mwalimu anaondoka kesho, nimeifungua tena bahasha.

Asubuhi, wakati Bibi Nyangi na Ghati wanajiandaa kwenda mjini kwenye plasta, mtu alibisha kwangu. Kwangu, si kwao. Nikafungua, ni Mzee Marwa, amebeba kitu mgongoni kimefunikwa shuka lote. Nikadhani ni mbuzi mgonjwa. Nikamwamkia, akaitikia, akaingia akafunga mlango mwenyewe.

Akashusha, akafunua. Mtoto wa kike. Nadhani ana miaka minane hivi. Aliweka mkono machoni kwa sababu ya mwanga wa dirishani. Nyayo zake zimepinda kama za mtoto wa Ghati, ila huyu ametembelea migongo ya nyayo miaka yote, ngozi ya pale imekuwa sugu kama kisigino. Nimekaa Susuni miaka miwili, dada. Boma lao naliona nikinyoosha shingo. Sijawahi kusikia kwamba yupo.

"Huyu ni nani, mzee?"

"Wangu."

"Mama yake yuko wapi?"

Alitazama nje uani, ambako Ghati alikuwa anaanika nepi kwenye kamba.

"Nilimrudisha kwao," alisema.

Yule mtoto alikuwa ameshaona chupa zangu za chanjo mezani, anazigusa moja moja kwa kidole.

"Daktari," Marwa aliniita hivyo, daktari, "huyu amechelewa?"

Safari hii sikukimbilia. Nilisema, "Sijui, mzee. Mimi ni wa ng'ombe. Twende tukaulize."

Mlango ulikuwa umefunguliwa. Bibi Nyangi alikuwa amesimama hapo na mtoto wa Ghati mgongoni, sijui tangu saa ngapi. Alimtazama yule msichana, akamtazama shemeji yake. Nikangoja aseme. Alisema tu, "Gari litatuacha," akanitupia koti langu.

Tulikwenda sote. Hospitali wamesema miguu ya umri huo imeshakomaa, itachukua muda, pengine itabidi kisu, lakini hawakusema haiwezekani. Wamemfunga plasta ya kwanza. Ghati ndiye aliyemshika wakati wanamfunga, maana alikuwa anaogopa watu.

Kurudi, Marwa alikaa kiti cha nyuma yangu na binti yake mapajani, bila shuka. Tulipokaribia kushuka aliniinamia sikioni, akaniuliza kwa sauti ndogo, mzee mzima yule, "Na mama yake, nitakwenda nimwambie nini?"

Mpaka sasa nimekaa na kalamu na sijui. Wewe ungemwambia nini, dada? Usinipigie simu. Niandikie.

Mdogo wako wa huku mbali,
Bupe